Jogoo wa Mwigizaji Bora wa Kike

Kama hujawahi kuona nyota wa filamu wa ng'ambo akitunukiwa jogoo, basi hujafika Rongo mwezi wa tatu. Wazungu wakianza kugawana sanamu zao za tuzo za filamu, Monari naye hugawa kuku. Ana banda la video la mabati nyuma ya soko, ametazama filamu kuliko mtu yeyote ninayemjua, na mwaka mzima hupima moyoni nani aliigiza vizuri na nani alitumalizia stima bure. Ikifika Jumamosi aliyoichagua, jua likishazama na Sabato ikiisha, watu hujaa bandani naye hutangaza washindi wake. Usithubutu kumwambia kwamba huko ng'ambo wamechagua mwingine. Atakutoa nje.

Sasa, washindi wenyewe hawajui kama wameshinda, na hata wangejua, nani angepanda ndege kuja kuchukua jogoo Rongo? Kwa hiyo hupokelewa zawadi zao na wengine. Kwanza Monari huonyesha kipande cha filamu kwenye skrini, halafu mtu wa papa hapa hupanda jukwaani, hushika jogoo, na kushukuru kana kwamba yeye ndiye nyota. Fundi mmoja wa pikipiki amewahi kumshukuru mamake aliyeko Mumbai, watu wakalia.

Jogoo wa mwigizaji bora wa kike alikuwa wa Milka. Milka ndiye mke wa Monari, na tangu banda lifunguliwe hakuna mwanamke mwingine aliyempokea jogoo huyo. Hushona kitenge kipya, hulia machozi ya kweli, humshukuru Mungu na mtayarishaji wa filamu. Msimcheke. Mwaka mzima yeye hukaa kwenye stuli nje ya pazia la mlangoni, kibeti kwapani, akikusanya kiingilio. Filamu huzisikia tu. Watu wakicheka ndani, naye hucheka, kwa kuchelewa kidogo, bila kujua kilichowachekesha. Jioni hiyo moja tu ndiyo huvuka pazia akaonekana na watu.

Halafu akaja Terry. Msichana wa chuo kikuu, anasomea maigizo, mrefu, na kila jioni yumo bandani. Monari akawa amepata mtu wa kubishana naye. Walikuwa wakiirudia rudia filamu moja ya Kinaijeria, ile ya hoteli, ambayo nyota wake ni bibi-arusi mwenye shingo ndefu. Na Terry ana shingo ndefu. Milka aliliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Jioni moja, akiwa pale nje ya pazia, alisikia picha ikisimamishwa na mumewe akisema, "Tazama macho yake hapo. Hasemi kitu, lakini wewe tazama."

"Mimi nikimwona tu nasikia kulia," Terry akajibu.

Milka alikibana kibeti kwapani. Tangu lini Monari akatazama macho ya mtu? Siku aliyotoka kusukwa, kichwa kikimuuma kwa kukazwa, bwana huyo huyo alimwangalia akamuuliza kama ameona chaja.

Terry alipotoka alisimama mbele yake, akamkagua kuanzia kibeti hadi miguu ya stuli. "Mathe, kwani wewe huchoki kukaa hapa?"

"Nikae wapi? Mapajani mwako?"

"Aki hapana. Nilikuwa nacheki tu vile unakaa."

Vile unakaa. Milka alilala na maneno hayo, akaamka nayo. Alipokuwa akikatakata sukuma wiki alikuwa akiikata ile shingo. Yawa, wivu ule haukuwa wa kuficha. Hata mama mboga alimuuliza kama ana malaria.

Wiki ya tuzo ilipofika, wakiwa mezani, Monari akatia tonge mdomoni, akasema, "Mama Bravin, mwaka huu mwigizaji bora wa kike atapokelewa jogoo wake na Terry."

Milka aliweka bakuli chini. "Na mimi?"

"Wewe nimekuwekea kiti cha mbele kabisa. Utakaa, utazame."

Akatabasamu, mjinga yule, kama mtu aliyeleta nyumbani kilo ya nyama. Kumbe mtu hunyang'anywa chake, na bado anawekewa kiti cha kutazamia. Milka angeweza kumuuliza kwa nini. Lakini mwenye wivu haulizi, maana anaogopa atajibiwa. Aliondoa sahani, akaziosha kwa kishindo.

Ijumaa asubuhi alifungua droo ya chini ya televisheni, akatoa ile flash yenye vipande vyote vya tuzo, akaitumbukiza kibetini. Bila flash hakuna picha, na bila picha Terry angepanda jukwaani kupokelea hewa. Akaaga kwamba dadake Orpah anaumwa, akashika njia ya Homa Bay.

Alimkuta Orpah akipara samaki, mzima kabisa. Orpah alipoambiwa kisingizio, akashangaa. "Nani mgonjwa? Mimi?"

"Usipokee simu ya Monari," Milka akamwambia.

Jua likielekea kuzama simu ililia, lakini iliyolia ilikuwa ya Milka mwenyewe. Monari alikuwa anahema. "Umeona flash?"

"Sijaona."

"Nimepindua nyumba. Basi jitahidi urudi kesho."

"Orpah amezidiwa," akasema, huku Orpah akimkodolea macho.

Sabato asubuhi alikaa kanisani na ile flash kibetini, na hata zilipoimbwa nyimbo anazozipenda alikuwa akimwona Terry amekwama jukwaani, shingo imemfupika. Alikuwa amepanga kurudi Jumapili. Ila alasiri akashindwa kukaa. Aibu ya mtu uiandae wewe mwenyewe, kisha iliwe bila wewe kuonja? Akachukua kibeti.

"Nyaminwa, dada yangu, jua bado liko juu," Orpah akamwambia. "Utasafiri Sabato?"

"Mungu anajua nina dharura."

"Ya nini?"

"Ya ndoa."

Alifika Rongo giza limeshaingia na taa za banda zinawaka. Mlangoni hapakuwa na mtu. Hata stuli yake haikuwepo. Akasimama nyuma ya pazia, akalifungua kidogo, na mbele yake ilikuwa migongo ya waliokosa viti. Kule mbali juu ya jukwaa aliona kichwa cha mumewe, na kando yake ile shingo. Akasubiri waaibike.

"Mwigizaji bora wa kike," Monari alikuwa akisema, "wengi mnadhani ni bibi-arusi wa ile filamu ya hoteli. Siye. Ni yule mama wa mlangoni, anayekagua mikoba. Jina lake halimo hata kwenye maandishi ya mwisho, nimetafuta. Filamu nzima anawaona watu wakiingia kwenye raha, na yeye haingii. Nilipomwona nilisema, huyu namjua. Kiti hiki cha mbele nilimwekea anayefanana naye. Amekwenda kuuguza dadake, na flash nayo imepotea. Sasa Terry, ambaye amemsoma wiki nyingi, atatuonyesha yeye mwenyewe."

Milka akashika pazia. Kibeti kilikuwa kizito ghafla.

Terry akaketi, akazama nyuma ya vichwa vya watu, na Milka hakuona kitu tena. Alisikia tu banda likicheka, kicheko cha watu wanaomtambua mtu wao. Kikapoa. Na Milka, kwa mazoea ya mwaka mzima, akacheka, kwa kuchelewa kidogo. Wakati uo huo kule jukwaani Terry naye akacheka peke yake, kicheko kile kile, kwa kuchelewa vile vile.

Vichwa vyote vikageuka mlangoni.

Banda lilipasuka kwa shangwe. Migongo ikaachana kumpisha, na Milka akaona stuli yake iko jukwaani, Terry ameikalia, kibeti cha kuazima kwapani. Wivu uliondoka, mnadhani? Ulibadilisha tu anwani. Sasa alimwonea wivu yule Milka mwingine wa jukwaani, aliyependwa na banda zima kwa dakika chache.

Akatembea hadi kiti cha mbele, akaketi. Terry akashuka na kumwekea jogoo mapajani, macho yamejaa machozi. "Mathe, ni wako. Mimi nilikuwa nakupokelea tu."

Monari akainama. "Orpah anaendeleaje?"

Milka angeweza kusema lolote. Alifungua kibeti, akatoa flash, akamwekea mumewe kiganjani mbele ya watu wote. Monari aliitazama. Kisha akamtazama yeye, machoni hasa, kama alivyokuwa akimtazama yule mama wa kwenye skrini, na Milka akatamani asingetazamwa.

"Tuwekee hiyo picha," mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Haina haja," Monari akasema, akaitia flash mfukoni. "Terry ameshaonyesha vizuri kuliko mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Milka naye akapiga, amembana jogoo kwapani, wengine walipokwisha kumaliza.