Tai Aliyoishona Mama

Tai ile ya shingoni aliishona mama. Hariri ya kijani, na chini yake mnara wa kanisa la kijiji chetu, Lindrath, kwa uzi wa fedha. Alimvisha Gerwin Pützfeld siku alipochaguliwa meya wetu, naye akaapa mbele ya kaburi la baba kwamba mashine za kuchimba makaa ya mawe hazitagusa kijiji.

Akapanda vyeo. Ubunge, Berlin, uwaziri. Kila kampeni alivaa tai ile ili aitwe mtoto wa Lindrath. Alipokuwa waziri, akatia saini kijiji kichimbwe makaa. Kanisa likabomolewa, mifupa ya baba ikahamishwa sandukuni. Mama hakumaliza mwaka. Pützfeld tai hakuivua.

Niliitaka. Lindrath haikubaki popote pengine.

Alhamisi ya kanivali, wanawake wa kwetu hutembea na mikasi. Mwanamume mwenye tai hukatwa ncha ya tai yake, kisha hupewa busu la pole, kukataa hakuna. Kwa hiyo wanaume siku hiyo huvaa tai kuukuu zisizofaa hata kufutia viatu.

Siku hiyo Pützfeld akaingia ukumbini tulikokuwa tukisherehekea, kutangaza kwamba anagombea uwaziri mkuu wa jimbo. Kamera nyuma yake, mnara wa fedha kifuani.

"Masikini, kasahau mila ya kwao!" Shangazi Billa akacheka, povu la bia mdomoni. "Irmtrud, mkasi unao au nikuazime?"

"Ninao."

Pützfeld aliponiona akatabasamu. Halafu akauona mkasi. Mkono ukaruka kifuani.

"Dada Irmtrud, si hii, tafadhali. Hii ina historia."

"Naijua. Mimi ndiye niliyeshika taa ikishonwa."

"Basi kata ya Volkmar!" Akamsukuma msaidizi wake mbele.

"Ya Pützfeld! Ya Pützfeld!" wanawake wakapiga kelele, wakigonga meza kwa bilauri.

Ncha sikuigusa. Nilikata chini ya fundo, mnara mzima ukaniangukia kiganjani. Yeye akabaki na fundo shingoni kama mbuzi aliyekata kamba.

"Na busu je?" mpiga picha akauliza.

"Akalibusu shimo la Lindrath."

Volkmar akaniinamia, jasho likimtoka. "Bibi, mwombe radhi mheshimiwa. Neno moja tu mbele ya kamera, yaishe."

Niliukunja mnara wa mama, nikautia kifuani.

"Siombi."