Kabati Lililosogezwa

Nyumba yangu ni ya magurudumu, ingawa magurudumu yenyewe yalifunikwa na majani tangu marehemu mume wangu Alton alipoiegesha hapa, pwani ya Mississippi, miaka ishirini na miwili iliyopita. Mwezi Juni nilikuwa naiuza. Dada yangu Eula, anayeishi Tennessee, macho yalikuwa yanamzimikia, na nilikuwa nimemwahidi kwamba kabla ya Julai kwisha nitakuwa nimehamia kwake. Lakini uwanja huu tunaokodi, wa nyumba kama yangu, una kanuni yake: nyumba haiachwi tupu. Ukiondoka bila kuuza, wanakuja na trekta wanaiburuta, nawe umeipoteza. Kwa hiyo bila mnunuzi, Eula angeendelea kupapasa kuta peke yake.

Mnunuzi alipatikana. Alikuwa mama mmoja dereva wa basi la shule, jina lake Corliss, na alisema atakuja Jumatatu.

Jumamosi nikasogeza kabati la chumba cha nyuma ili nifagie. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kwa kuvu, toka sakafuni hadi kiunoni, na harufu yake kama soksi zilizosahauliwa kwenye ndoo. Nilikaa kitandani kidogo. Kisha nikampigia simu mwanangu Rayford.

Alikuja na ndoo ya rangi nyeupe.

"Mama, hili ni jambo la mikono miwili ya rangi. Jumatatu hata wewe hutajua lilikuwa wapi."

"Rangi juu ya kuvu ni poda juu ya jipu, Rayford. Weka chini ndoo."

"Kila mtu hapa uwanjani anafanya hivyo!"

"Ndiyo maana kila mtu hapa uwanjani anakohoa. Yule mama ana mtoto mwenye pumu, aliniambia kwenye simu. Ingia chini ya nyumba uangalie unyevu unatoka wapi."

"Na nyoka je?"

"Wasalimie."

Alitambaa huku akilalamika. Baada ya muda nikasikia sauti yake chini ya miguu yangu: "Mama! Matundu ya hewa yamezibwa yote! Kuna blanketi humu!"

Nikajua mara moja. Nyumba hizi zina ukuta mwembamba unaozunguka chini, wenye matundu ya kupitisha hewa. Baridi kali ikija tunayaziba ili mabomba yasigande, na machipuko yakifika tunayazibua. Mimi magoti hayaniruhusu, kwa hiyo kila Desemba jirani yangu, Bwana Hollis Tatum, hunizibia, na kila Machi hunizibulia, bila kuombwa. Mwaka huu Februari alivunjika nyonga. Machi yote alikuwa hospitali. Sisi wengine hatukukumbuka, na unyevu wa ardhini ukapanda ukutani kimya kimya.

Bwana Hollis alisikia kelele, akaja akiegemea kigari chake cha kujishikilia, hatua moja moja. Alipoona Rayford anavuta yale mablanketi yaliyolowa, uso ulimshuka.

"Bi Verdie, ni mimi niliyekuharibia nyumba."

"Wewe? Januari mabomba ya uwanja mzima yalipasuka. Yangu hayakupasuka. Nilioga maji ya moto huku wenzangu wakichemsha theluji."

"Lakini nilipaswa kumtuma mtu ayazibue."

"Ulikuwa na vyuma kwenye nyonga, Hollis. Kaa hapo kivulini, utuelekeze."

Akakaa, na akaelekeza kweli. Mtu yule akipewa kazi hupona nusu. Karatasi ya plastiki iliyofunika udongo ilikuwa imechanika, tukatandika mpya. Kipande cha ukuta kilichooza Rayford alikikata, akatoa na sufi ya kuzuia baridi iliyolowa ndani yake, akaifunga mifukoni. Mbao zilizobaki nilizisugua kwa sabuni na brashi, kitambaa kimefunga pua. Kanisa likatuazima mashine ya kukausha hewa. Kufikia Jumapili jioni ilikuwa imejaza ndoo tatu za maji.

"Sasa tuzibe hilo tundu la ukutani," Rayford akasema.

"Liache wazi. Alione."

"Mama, utamfukuza mnunuzi!"

"Akikimbia, akimbie akijua."

Corliss alifika Jumatatu akiwa bado na sare ya kazi. Nilimpeleka moja kwa moja chumba cha nyuma, nikamweleza yote, na vile vipande vilivyooza nikamwonyesha. Alitoka nje, akalala chali kwenye majani na sare yake, akaingia chini ya nyumba. Rayford alinitazama. Mimi nilikoroga chai ya barafu.

Alipotoka alikuwa na buibui kwenye nywele. "Nani huzibua haya matundu machipuko yakifika?"

"Mimi," Bwana Hollis akajibu toka kivulini. "Na nyonga ikikataa, nitakupigia kelele mpaka uzibue mwenyewe."

Corliss akacheka kwa mara ya kwanza. Kisha akasema, "Ukuta ukiwa mkavu siku ya jua si ajabu, Bi Verdie. Nitarudi mvua ikinyesha. Tafadhali tundu la ukutani msilizibe."

"Halitazibwa," nikasema, na sikuwa na wasiwasi. Kazi niliyoifanya kwa mkono wangu naijua.

Mvua ilikuja Alhamisi, ya pwani yetu, ile inayopiga bati mpaka husikii redio. Haikuwa imekatika bado mlango ukagongwa. Corliss alikuwa amemshika mkono binti yake, Junie, wa miaka sita, wote wamelowa. Nikawapa taulo. Corliss akapiga magoti mbele ya tundu, akaingiza mkono mpaka kwenye bega, akapapasa mbao na sakafu polepole. Akautoa, akautazama. Vumbi tu.

Junie alikaa sakafuni chumba kile kwa saa nzima, akichora paka. Mama yake aliegemea mlango, hamtazami paka, anasikiliza kifua. Mimi nami nilisikiliza. Mvua ilipotulia tulimsikia akipumua vizuri, na akiimba kidogo.

"Andika hati, Bi Verdie," Corliss akasema. "Ila tundu nitaliziba mwenyewe."

Nilimpigia Eula kabla hawajafika kwenye gari.

"Toa maboksi yako chumba cha wageni," nikamwambia.

"Nitayatoaje? Siyaoni!"

"Basi yaache, mkaidi wewe. Nakuja kuyatoa."