Kabla Udongo Haujakauka

...maana donge lenyewe la udongo si kubwa kuliko kunde, Gemali karani amelibandika juu ya uzi uliofunga hati, mawili pembeni yake yameshagongwa, la Pelatia na la Asalia, hili la tatu ni la Mesulamu, na udongo wa lango hili haumngoji mtu, jua likifika utosini unaanza kupauka kingo kabla hujamaliza kukohoa, gonga tu, Mesulamu, pete ya muhuri iko kidoleni, umeketi miaka thelathini kwenye benchi hili la jiwe ukigonga hati za mashamba, za talaka, za visima, kidole hakijawahi kukuuliza swali... "Mzee, gonga basi," Pelatia anasema, "au pete imekubana?" na wazee wanacheka, hapa langoni Pelatia hucheka kwanza ndipo wengine wajue kwamba kuna kichekesho, na hati inasema nini, inasema Asareli mfua nguo alisimama hapa siku ya soko akautabiria mji wa Bwana maangamizi, mashahidi watatu wakigonga anatolewa nje ya ukuta, na jiwe la kwanza hurushwa na mashahidi, ndiyo sheria, litatoka katika mkono huu huu wenye pete... na Asareli mwenyewe yuko hatua tatu kutoka hapa, amefungwa kwenye nguzo, ananuka magadi kama siku zote, vidole vimechanika kwa maji, anaita kama vile wamekutana kisimani, "Mzee Mesulamu, kanzu yako ya sikukuu nimeianika kule chini kwenye mawe, mwambie Mama Akbori aiwahi, jua litaifubaza," na mlinzi anamsukuma, "Funga domo wewe, unakwenda kufa unazungumzia kanzu?" "Kwani nani amekuambia kanzu inakufa?" anajibu Asareli, na safari hii mlinzi ndiye anayecheka, akijilaumu papo hapo... Mama Akbori, kasema Mama Akbori, mji mzima una miaka minne unamwita mke wa Mesulamu, watu wanalikwepa jina la mtoto kama wanavyokwepa kaburi njiani, ni huyu mfua nguo peke yake, huyu aliyelifua joho la Akbori lilipoletwa kutoka ngome ya kusini, akalifua mara tatu, akalirudisha mwenyewe mlangoni akasema, mama, limetoka linaloweza kutoka, lililobaki si kazi ya magadi, na Yekolia, mama yake Akbori, akalipokea, akalikunja, doa likiwa kwa ndani... Waedomu, Waedomu ndio waliomuua, hilo halina mjadala, na ndiyo sababu alimpenda Asareli, mwache aseme ukweli walau kichwani mwake, alimpenda kwa ajili ya chuki, kila siku ya soko alikuja mapema apate nafasi ya mbele, Asareli akiyahukumu mataifa kwa zamu, Moabu, Amoni, Tiro, na desturi ya lango ni kwamba hukumu ikitamkwa watu huitikia Amina, anayeitikia amejifunga nayo kama aliyegonga pete, akaziitikia zote, lakini akingoja moja, "Leo tupe Edomu," alikuwa akimwambia, "Edomu nilikupa juzi, mzee," "Nipe tena," na Asareli alikuwa akimtazama kwanza, kwa muda, kama anayekagua doa, kisha anapaza sauti, umepanda juu hata ukadhani mbingu ni paa la nyumba yako, atakayekushusha hatahitaji ngazi, nawe Mesulamu uliyabeba hayo maneno nyumbani, ukayatafuna pamoja na mkate na zeituni, yakakushibisha kuliko mkate... "Karani, huyu mzee kalala?" "Hajalala, anasoma." "Anasoma nini, si tulimsomea?" ...yakakushibisha hata siku ile, umati umejaa, Asareli akaanza, umepanda juu hata ukadhani mbingu ni paa la nyumba yako, nani anasikiliza jina katika maneno anayoyajua kwa moyo, mdomo ukatangulia, "Amina!" peke yake, sauti yake peke yake katika lango lililonyamaza ghafla, maana wenzake wote walikuwa wamelisikia jina, na jina halikuwa Edomu, lilikuwa Yerusalemu, maneno ni yale yale, hakubadilisha hata moja, na watu wakageuka wakamtazama yeye, siyo mfua nguo... "Mwenzangu," Pelatia sasa anainama, pumzi yake ina kitunguu, sauti ya chini, "uliitikia, watu mia walikusikia, mimi nimesema ni uzee, nimekutetea, lakini ukiikataa hii hati nitasema nini, eh, usafishe mdomo wako kwa pete yako, tumalize, twende tukale," na anamgusa bega, bega lile lile, ndiyo, alimgusa hapo hapo siku ya kigae... siyo sasa, usikifikirie kigae sasa... kigae cha barua kilikuja mchana kama huu, kimeandikwa wino kwa haraka, mkuu wa ngome ya kusini anasema Waedomu wamejaa bondeni, maji yamebaki ya siku tatu, leteni watu au turuhusuni tupatane nao, na Pelatia akakisoma kwa sauti ya kubana pua, "Kupatana! Na wachunga mbuzi!" benchi zima likaangua kicheko, naye akacheka, alicheka, mwanawe yuko ndani ya ngome ile na akacheka, maana baba mwenye mtoto vitani asiwe yeye wa kwanza kuonekana anaogopa, hicho ndicho alichokiogopa, macho ya benchi, na jibu likaandikwa, mji wa Bwana haupatani na mtu, na Pelatia akamgusa bega, "Gonga wewe, una damu yako kule, litakuwa na uzito," na udongo ulikuwa laini, laini kabisa, pete ikazama kama kwenye jibini, alama ikatoka safi, akaisifia... watu ishirini ndani ya ngome, na jibu lenye jina la Mesulamu, na maji ya siku tatu, Edomu alikuja kumalizia tu... hivyo miaka minne umekuwa ukiitikia nini, mzee, ukimlilia Bwana akishushe kiburi cha Edomu, naye Bwana akapima kiburi, hakuuliza ni cha nani, na Asareli alijua, alilifua joho, alikuwa akikutazama kila siku ya soko kabla hajaanza, akikupa ulichokitaka, akingoja usikie, na hukusikia, ilibidi amalize majina yote...

"Umekauka," Gemali anasema, analigusa donge kwa ukucha, linalia kama kigae. "Lowanisha jingine," anasema Pelatia, "tuna siku nzima," na karani anatema mate kwenye udongo, anafinyanga, anabandika, donge jipya, jeusi, linang'aa, jua liko pale pale, benchi pale pale, mfua nguo kwenye nguzo anatazama, kwa muda, kama anayekagua doa. "Haya, Mesulamu. Mji wa Bwana unakungoja." Mji wa Bwana, pale juu, mbingu ndiyo paa lake... naye Mesulamu anaikunja ngumi, pete ikiwa ndani, donge halijaguswa, na kwa sauti ile ile ya siku ya soko, safari hii jina akiwa amelisikia, anasema, "Amina."