Biriani ya Kuniaga

Marehemu baba alinifundisha kuacha kazi kwa heshima: unamwendea tajiri wako uso kwa uso, unamaliza nguo za watu, unataja siku ya kuondoka, unaomba radhi. Ila alinifundisha kabla ya vita. Hakujua kwamba utafika mwaka ambapo kutaja siku ya safari ni kujitafutia kifo.

Nilikuwa fundi wa kushona kwenye baraza la duka la Sugrabai, mjane wa Kihindi aliyeuza vitambaa Gitega tangu sijazaliwa. Mwajuma alishona pembeni yangu, na ugomvi wetu haukuwahi kulala hadi kesho yake. Basi kaka yangu Hamadi, aliyekuwa akimtunza mama huko Muyinga, akakimbilia Tanzania. Mama alikuwa haoni tena. Mimi nikae Gitega nikipima viuno vya watu, yeye anapapasa ukuta akitafuta maji? Moyo ulikataa.

Lakini nilitaka jina langu libaki safi. Mtu akitoweka kimya miaka ile, watu walisema hana shukrani, au mbaya zaidi, kwamba alijua kuna shambulio linakuja akajiokoa peke yake. Sikutaka Mwajuma asikie hivyo juu yangu.

"Mama, mi nataka kuacha kazi," nilimwambia Sugrabai ndani ya duka. "Si kwa ubaya. Maman iko peke yake Muyinga."

Akaendelea kukunja kitenge. "Na nani atashona kama we? Mwajuma anapindisha kola."

"Nguo zote nimemaliza. Naondoka na Kassimu, Alhamisi."

Kitenge kikamtoka mikononi. Nilikuwa nimenong'ona tu, lakini alinitazama kama nimevua nguo sokoni. Kassimu aliendesha lori la chumvi, na kila mtu alijua kwamba nikiondoka, cherehani yangu inaondoka nami. Magari yalikuwa yakiviziwa njia ya Karuzi, na waliovizia walikuwa na masikio yao mjini.

"We iko na akili kweli?" alisema. Akanishika mkono, akanivuta hadi barazani, akapaza sauti mpaka wauza ndizi wa Giheta wakageuka. "Sikieni! Zaituni anatuacha! Jumapili mukuje wote kwangu, napika biriani ya kumuaga. Jumatatu anaenda!"

Nikafungua mdomo. Akanifinya kiwiko, na vidole vya bibi yule vina nguvu, nakwambia. Nikaufunga.

Mwajuma akaanza kulia palepale. "Mi nitavaa kile kitenge cha njano," alisema. "We utakaa katikati, tutakupiga foto."

Alhamisi asubuhi, askari walipofungua barabara, nilikuwa juu ya magunia ya chumvi na cherehani imefunikwa mkeka. Baada ya Karuzi tulipita minibasi iliyoungua, bado inatoa moshi. Nilijifariji kwamba Jumapili Sugrabai atawaeleza watu, watacheka, watakula, na Mwajuma atanisamehe kitenge chake.

Juma lililofuata Kassimu alisimama mlangoni kwetu Muyinga.

"Biriani ilikuwaje?" nilimuuliza.

"Watu walijaa. Wakakungoja mpaka magharibi."

"Si mama Sugrabai aliwaeleza?"

"Aliwaeleza." Akakuna shingo. "Alisema Zaituni iko mutu bila shukrani. Kwamba umemutoroka na commande za watu, nguo walizoagiza. Alisema kwa nguvu kuliko wote. Mwajuma alitaka kukutetea, mama akamukatalia."

Nilihisi moto kichwani. Commande zipi? Nilimaliza mpaka vifungo! "Na Mwajuma?"

"Amesema asisikie tena jina lako."

"Basi rudi umwambie ukweli! Leo hii!"

"Mi siwezi, dada. Wakijua ile siku ilikuwa ya uongo, nani ataamini siku ya mwingine? Radjabu fundi viatu anataka kupeleka watoto wake. Mama ameshaanza kutafuta mchele wa biriani ingine."

Nilimchukia Sugrabai kwa moyo wote, na laiti angekuwa mbele yangu ningembusu mikono. Kassimu akanipa kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kipande cha kitenge. Ndani mlikuwa na ladu, tamutamu za Kihindi ambazo Sugrabai hutengeneza siku ya Idi tu, zinazonukia iliki.

"Amesema hizi ni radhi yako," Kassimu alisema, akarudi kwenye lori.

Nikamwekea mama moja kiganjani. Akainusa, akatabasamu.

"Nani ametuletea?"

"Patron wangu wa Gitega."

"Alhamdulillahi. Kumbe muliachana vizuri."

"Vizuri sana, mama," nilisema, na nikashukuru, Mungu anisamehe, kwamba hanioni.