Kuituliza Injini ya Tatu

Siku ya nne baada ya kumzika mama yake, mhandisi alirudi kazini. Mkuu wa maabara alimsihi apumzike hata wiki mbili. Akajibu kwamba nyumbani hakuna la kufanya.

Injini ya tatu ya majaribio ilikuwa bado inanguruma kila ilipowashwa, mlio mzito uliotikisa hata vioo vya chumba cha vipimo. Ndani yake joto la moto na shinikizo vilikuwa vikisukumana kama watu wawili kwenye bembea, kila mmoja akimwongezea mwenzake nguvu. Injini ya pili ilipasuka hivyo hivyo. Yeye akiwa msibani, wenzake waliiwekea hii ya tatu vali ndogo ya kupuliza mafuta kwa midundo, ili moto upingane na shinikizo. Mlio ukazidi.

"Vali ni nzima," alisema fundi mitambo, mtu mzima ambaye wote walimwita Spana. "Ila inachochea badala ya kutuliza. Mimi nimenyoosha mikono, dada."

Mhandisi alikaa na vipimo asubuhi nzima. Dada yake mkubwa alipiga simu kuuliza nguo za mama apewe nani. Akamwambia wagawane watakavyo, akarudi kwenye namba.

Karibu na saa sita akaliona kosa. Walikuwa wamehesabu muda wa vali kufunguka, wakasahau muda wa mafuta kusafiri kutoka kwenye vali hadi kwenye moto. Ni milisekunde mbili tu, lakini yalifika yamechelewa na kuisukuma bembea ileile waliyotaka kuizuia. Kuyawahisha hakukuwezekana, basi akaipanga kompyuta inayoongoza vali isubiri kidogo, ilenge wimbi linalofuata.

Wakawasha. Mlio ukapanda, vali ikaanza kudunda, mlio ukashuka hadi ukabaki mvumo mwembamba. Wenzake walikumbatiana. Yeye akaandika namba.

"Turudie mara tatu," alisema. "Mara moja inaweza kuwa bahati."

Mara zote tatu injini ilitulia.

Baadaye Spana alimkuta chumba cha kubadilishia nguo, ameketi na ovaroli yake, akitazama ukuta. Mhandisi alimweleza kwamba alidhani leo angalau angelia, au angefurahi, chochote kile. Hakikuja.

Spana aliketi kando yake.

"Umekula lini?"

"Sikumbuki."

"Basi inuka, mdogo wangu."

Akainuka, akamfuata.