Mwenye Moyo ni Mimi

Tangu anusurike na mshtuko wa moyo mwaka jana, kinyozi hakuwa na hadithi nyingine. Na mteja mwenye povu la sabuni kidevuni atakimbilia wapi? Alitulia kitini akasikiliza mpaka mwisho: jinsi kifua kilivyobanwa, mkono wa kushoto ulivyokufa ganzi, mfuko wa saruji ulivyomponyoka. Hapo kinyozi alijipiga ngumi kifuani. "Moyo ukishika, unashika hapa. Mengine yote ni gesi!" Watu wakaanza kumwita Daktari, naye, Mungu amsamehe, akaitika.

Basi juzi mkewe alipoamka akilalamika kwamba taya linamuuma, mgongo unawaka moto katikati ya mabega na kichefuchefu hakimwachi, kinyozi alimuuliza swali moja tu.

"Kifua kinabana?"

"Hakibani. Ila nimechoka, baba watoto. Nikikunja shuka tu, pumzi zinaniishia."

"Hiyo gesi. Mwenye moyo ni mimi, mama. Mimi ulinishika nikipandisha mifuko ya saruji ghorofani. Wewe umebeba nini?"

Wiki iliyotangulia mkewe alikuwa amemzika dada yake, na tangu siku hiyo hajapata usingizi wa maana. Kinyozi akaenda kazini, akawasimulia wateja huo mzaha wake, wakacheka mpaka ikabidi wembe usubiri.

Leo asubuhi binti yao alimkuta mama yake ameanguka jikoni, jasho la baridi linamtiririka. Sasa walikuwa hospitali, na daktari, mama mmoja mwenye haraka, alikuwa ameinama kitandani.

"Alianza kuumwa lini?"

"Leo," mgonjwa alisema kwa shida. "Leo asubuhi."

Kinyozi alijua fika anafichiwa aibu. Na ukweli usemwe: alitamani kunyamaza. Binti yake alikuwa amesimama pale pale.

"Nahitaji uhakika," daktari alisema. "Matibabu yanategemea muda."

Uso ulimwaka kinyozi. "Si leo, daktari. Ni juzi. Aliniambia taya, mgongo, kichefuchefu... nikamcheka."

Daktari hakumkaripia, na afadhali angemkaripia. Alimwagiza muuguzi dawa nyingine, kisha akasema huku mikono ikifanya kazi, "Wanawake wengi nao huumwa kifua. Lakini wengine huanza hivyo hivyo, kwa taya, mgongo, uchovu. Hata msiba unaweza kuuchokoza moyo. Mngemleta juzi ile ile."

Mgonjwa alipapasa shukani mpaka akaupata mkono wa mumewe.

"Msimlaumu," alisema. "Alikuwa hajui."

Kinyozi alitaka kuvuta kiti akae, walau asitazamwe akiwa amesimama hivyo kama mshtakiwa. Binti yake akamwahi.

"Nipishe, baba," alisema, bila kumtazama, akakaa yeye karibu na mama yake.