Maji ya Mzee Nurudin

Mzee Nurudin alikuwa tayari anatolewa, tena kwa mlango wa mbele. Ndiyo desturi ya nyumba ile ya wagonjwa walio katika siku zao za mwisho: uliingilia mbele, utatokea mbele, umefunikwa shuka la viraka, na kila mfanyakazi anaacha alichoshika anasimama ukutani. Mpishi alisimama na mwiko wake. Moraa, mhudumu wa chumba cha mzee, alisimama kando ya kabati la taulo akiomba kitanda kipite upesi.

Hakikupita. Mama Parveen, mjane, alikisimamisha mbele ya Moraa, akamshika mikono yote miwili.

"Binti yangu," akasema, kwa Kiswahili cha dukani Kisii, walikouza mabati kabla ya kuhamia Unionville, Kanada. "Hata ndugu zake wa damu hawakumtunza hivi. Mungu akuweke."

"Asante, mama."

"Na yale maji, ulimpa?"

Nabeel, mwanawe, akatia simu mfukoni ili naye asikie.

"Nilimpa, mama. Tone kwa tone. Alimeza."

Hilo la kumeza hakuna aliyemwuliza. Lilimtoka tu.

Asubuhi ile Moraa mwenyewe ndiye aliyemfukuza mama arudi nyumbani. Mama alikuwa amelala kitini siku nyingi, miguu imevimba. "Nenda uoge, mama, ubadilishe nguo. Mimi niko hapa, sibanduki." Mama akamwachia kichupa cha maji ya baraka kutoka jamatkhana, nyumba yao ya ibada. Pumzi ya mzee ikianza kukatika, amtie mdomoni. Dini yao ndivyo inavyotaka. Nabeel akampeleka kwa gari.

Mzee bado alikuwa na maneno yake. "Bwakire, Moraa," akamwamkia Kikisii, sauti nyembamba kama uzi. "Babako alinunua bati kwangu?"

"Alinunua, na ukampunja."

"Nyinyi mnataka bure." Akacheka mpaka akakohoa, kisha akafumba macho.

Ndipo Michelle, msimamizi wa zamu, akachungulia. Wafadhili wamefika, wanataka picha na wahudumu.

"Siwezi. Nimeahidi familia."

"Si ukuje tu kidogo, Moraa. Leo mko wawili ghorofa nzima. Nikipiga picha na mtu mmoja itakaa aje? Hao ndio wanakulipa."

Moraa alikuwa mtu wa kuitwa kwa simu zamu ikipatikana, na aliyekataa jambo hakuitwa tena. Mwenye nyumba wake kule Jane and Finch alikuwa ameshapandisha kodi. Akaenda. Picha ikarudiwa, maana jua la dirishani liliwapiga machoni, kisha ikarudiwa tena, mama mmoja mfadhili alipotaka kusimama katikati.

Aliporudi, mzee alikuwa ameshaenda. Mdomo wazi, mkavu. Moraa akakifungua kichupa, akammiminia. Maji yakatiririka hadi ndevuni. Akayafuta kwa taulo.

Kitanda kilipotoka mlangoni, alimfuata Michelle ofisini.

"Nataka kumwambia mama ukweli."

"Umwambie, halafu? Atalala vizuri, ama ni wewe unataka kulala vizuri?" Michelle hakusema kwa ukali. "Mwache na amani yake. Na hebu umwombe aje azungumze kwenye hafla yetu ya shukrani. Wewe anakupenda."

Moraa akatoka nje bila koti. Gari la Nabeel lilikuwa bado halijang'oka. Mama Parveen akashusha kioo.

"Kuna nini, binti?"

"Hakuna, mama. Nimekuja kukuaga."

"Ingia ndani, utashikwa na baridi."

Mama Parveen alizungumza kwenye hafla. Alimtaja Moraa kwa jina, akasimulia namna mumewe alivyomeza, na watu wakalia. Michango ya usiku huo ilijenga sebule mpya ya wageni. Wahudumu walibaki wawili. Michelle alipanda cheo. Nabeel hujitolea pale Jumamosi kuwasomea wagonjwa magazeti. Kile chumba kilipata mtu mwingine jioni ileile mzee alipotolewa. Mama Parveen yu hai, na kila sikukuu hupiga simu ambayo Moraa haipokei. Moraa aliacha kazi majira ya baridi. Siku hizi anapanga vifurushi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Mgongo unamuuma, na huko hakuna anayemshukuru.